Jibu ya Ndege

Butembo, tarehe 12 février 2023

Kwa mutoto wangu Kavuo,

Wasingya kutsibu, asante sana, juu ya kitenge yenye ulituma ku Noeli. Mama yako mudogo Précieuse aliivaa ku misa ya kwanza, na bamama ya chorale balimuzunguka inje mpaka padri akatoka kuona ni nini. Huku sisi bote tuko bazima. Mvua hainyamaze. Viazi ya Lubero iliingia mingi kwa mara moja na bei ikaanguka, njo vile inakuwaka. Binti yetu Monique alizaa mutoto mwanaume. Bwana yake anataka jina ya Jean-de-Dieu, yeye anataka Ariel, na mpaka leo tunamuita tu "Mugeni". Mutoto mwenyewe hana shida, analala.

Unanijua: kwangu telefone ni ya kuuliza bei. Mambo ya nyumba ninaandika, na Mbusa, shofere wa kamio yangu, atakuletea hii barua mu mukono.

Sasa jambo yenyewe. Hii barabara ya kati ya Butembo na Beni unaijua. Siku ingine inapita, siku ingine kamio zinalala njiani, siku ingine kuko batu bameondoka asubuhi na habarudie. Sisi bafanyabiashara bane tumekaa chini pamoja: mimi, Ézéchias wa quincaillerie, ule wa misumari na mabati, na bengine babili ya soko. Kuko mutu anauzisha ndege ndogo ya moteur mbili, ya viti sita. Ézéchias ameisha kuiona. Anasema moteur moja ikikufa, ingine inakufikisha nyumbani, donc iko salama kuliko kamio.

Mimi nilibaambia: sitaweka jina yangu mbele Kavuo hajaitazama. Bakacheka. "Mutoto mwanamuke?" Nikasema ndiyo, ule mutoto mwanamuke anarusha ndege kila siku kule Beni, na ninyi munaogopa hata pikipiki ya Katwa-Kyambogho kwenye kona.

Itazame sawa ndege ya mutu haumujue. Kitu moja tu ninataka kujua: inaweza kutoka hapa kwetu, ku uwanja wa Rughenda, na batu ndani, na moteur moja ikikufa batu bafike? Ukiweza, fanya mbio kidogo.

Baba yako mudogo,
Mathe

*

Beni, tarehe 26 février 2023

Kwa Baba mudogo Mathe,

Salamu sana kwako, kwa Mama mudogo, kwa Monique, na kwa Mugeni mwenye hajapata jina. Mimi niko muzima. Huku Beni joto ni ileile, mu nyumba yangu ya Beu hata sakafu inatoa jasho. Kakao inakauka mbele ya kila mulango na harufu yake inaingia mpaka mu kitanda. Kazi inaendelea. Tunaenda Bunia na kurudia, mara ingine na bagonjwa, mara ingine na bafanyakazi ya serikali benye bifurushi kubwa kuliko bo benyewe.

Barua yako niliisoma mara mbili. Baba, asante juu ya kusema jina yangu mbele ya bale bazee. Tangu baba na mama balikufa, mulinilea sawa Monique, na nyuma mukanituma mbali, Afrika ya Kusini, kusomea kazi yenye hakuna mutu mu familia alijua hata jina yake. Sasa unaniomba niitumikie kwa ajili yako. Nitaifanya na moyo yote.

Lakini acha nikueleze mbele kitu moja, juu Ézéchias anakosea, na batu bengi banakosea sawa yeye. Banawaza moteur mbili ikibakia moja, unabakia na nusu ya nguvu. Haiko vile. Waza kamio yako iko inapanda mulima na mizigo. Karibu nguvu yote inaishia kubeba ile uzito. Nguvu ya kuongeza mwendo ni ile kidogo tu yenye inabakia juu. Ndege ni vile vile: inapanda na ile masalio. Moteur moja ikikufa, haukupoteza nusu ya masalio, umepoteza karibu yote. Tena ile upande imekufa inavuta ndege pembeni, sawa kusukuma chukudu yetu ya mbao, na mizigo, na mukono moja, na nguvu ingine inaishia kuinyoosha tu.

Kisha kuko urefu ya fasi. Hewa ya Butembo iko nyepesi kuliko ya huku Beni, na moteur inaivuta sawa sisi. Donc moteur yenye iko na nguvu huku, kule kwenu inachoka.

Muuzishaji alete ndege Beni. Ndege ya kuuzishwa inarukaka asubuhi na baridi, na mutu moja ndani, na mafuta ya essence kidogo. Vile hata mimi mbele ya padri ninasimamaka muzuri. Mimi ninataka kuirusha mu jua ya muchana, essence imejaa, viti yote na uzito ya batu. Na kule juu nitanyima moteur moja kazi.

Na mimi niko na swali yangu. Wewe ulikataa kupanda ndege maisha yako yote. Hata siku nilikuomba uje uone kazi yangu ulisema magoti inakuuma. Juu ya nini leo uko na haraka ya ndege?

Mutoto wako,
Kavuo

*

Butembo, tarehe 19 mars 2023

Kwa mutoto wangu Kavuo,

Usione nimekawia. Mbusa alifunga kamio juma nzima, njia ilikuwa mubaya tena na sikutaka aende. Ni kijana ya batu, haiko yangu ya kuipoteza. Leo banasema askari bamepita mbele, ataondoka nyuma ya bo.

Muuzishaji amekubali. Pilote yake anaitwa Hénock, si mutu wa huku kwetu, anasema Lingala mingi lakini anasalimia bazee na mikono mbili. Atakuja Beni mbele ya Pasaka. Ninakutumia magunia ya maharagi kwa Mbusa, uiweke mu viti fasi ya batu. Ukimaliza, gunia moja ni yako, ingine uzishe kule kule, maharagi ya Lubero banaipenda mu soko ya Beni.

Unauliza juu ya nini niko na haraka. Andika tu kama muzee amependa vitu ya kisasa.

Mama yako mudogo anakusalimia sana. Hata hii mara hakuandika mustari yake hapa chini, sawa alizoea zamani, juu mukono ya kuume inamuuma kidogo. Alijigonga ku mulango ya jikoni. Hapana kuwaza sana, rusha ndege na kichwa yenye imetulia. Njo vile yeye mwenyewe amesema niandike.

Monique ameshinda: mutoto ni Ariel.

Mathe

*

Beni, tarehe 2 avril 2023

Kwa Baba mudogo Mathe,

Ninamupongeza Ariel kwa jina na Monique kwa kichwa ngumu. Mama mudogo mukono inaendelea namna gani? Amuite Monique amubandike majani ya moto, na afunge ule mulango.

Hénock alifika. Ni mutu muzuri, viatu yake inang'aa hata mu matope ya uwanja wetu wa Mavivi. Alipoona ninafunga gunia ya maharagi mu viti na mukaba, akacheka mpaka akashika bawa.

"Ma sœur, oza kokangisa madesu ceinture?"

"Ndiyo, ninaifunga mukaba," nilimujibu, "hii maharagi iko na jamaa ku Butembo yenye inaingojea."

Tuliondoka jua ikiwa juu ya kichwa. Na moteur mbili ilikimbia murefu kidogo, kisha ikapanda muzuri. Sitakudanganya, inapanda muzuri. Tulienda juu kabisa, kupita hata urefu wa Butembo, fasi kuko nafasi ya kukosea bila kugusa kitu. Pale nikamuambia Hénock: "Sasa." Nikarudisha moteur ya kushoto mpaka propela ilikuwa sawa imekufa, haivute, haizuie. Ndege ikageuza kichwa upande ile sawa ng'ombe ameitwa. Nikaishika na muguu. Nikaweka mwendo yenye kitabu yake inaomba, nikasukuma moteur ya kuume mpaka mwisho.

Kisha tukangojea.

Baba, haikuanguka. Ningependa ungekuwepo uone, juu batu banawaza ndege inaangukaka sawa jiwe. Ilishuka pole pole, na adabu, sawa mutu anashuka ngazi na mutoto mu mugongo. Hénock aliacha kucheka. "Ongeza mwendo kidogo," aliniambia. Nikaongeza, ikashuka mbio zaidi. "Punguza." Nikapunguza, ikashuka vile vile na ikaanza kutetemeka. Nikarudilia mwendo ya kitabu. Tukashuka, tukashuka, mpaka hewa ikakuwa nzito ya kutosha na moteur ile moja ikaweza kutubeba. Pale ikasimama. Haipande, haishuke.

Nikatazama saa ya urefu. Fasi ilisimamia iko juu ya uwanja wa Beni, ndiyo. Lakini iko chini ya uwanja wa Rughenda. Chini sana, Baba. Donc mukitoka Butembo na batu ndani, na moteur moja ikikufa nyuma ya kuacha piste, njia ya kurukia, ile ndege itashuka kutafuta urefu yake, na mbele ya kuipata itagonga udongo ya Butembo. Na pale mwisho ya piste kuko vilima na manyumba ya batu.

Tulirudisha moteur kazi, tukarudia, tukatua muzuri. Hénock alikaa ndani kidogo bila kufungua mukaba.

Ndege yenyewe haiko mubaya. Moteur iko nzima, waya iko safi, fundi wetu aliipenda. Mu nchi ya chini, ya tambarare, ni ndege ya kutumika miaka mingi. Shida ni haina turbo, na sisi tunaishi juu. Wewe unaijua hiyo kuliko mimi: kumbuka ile Fuso yako ya zamani na ile ya turbo ku mulima ya Kabasha. Labda moteur haitakufa hata siku moja. Lakini ile ya pili munainunua juu ya siku hiyo, na siku hiyo haitawafikisha.

Jibu yangu ni hapana.

Ninajua ninaandika hii neno kwa nani. Wewe haukuniambia hapana hata mara moja nilipokuomba kusoma. Unisamehe. Ungeniomba kitu ingine yote ningekupatia.

Mutoto wako,
Kavuo

*

Beni, tarehe 7 mai 2023

Kwa Baba mudogo,

Salamu. Pasaka ilipita bila barua yako, na mwezi ya Bikira Maria imeanza bila barua yako. Ninapiga telefone, Monique anasema uko ku soko. Nikiita jioni, uko ku jumuiya. Ninauliza Mama mudogo, amelala. Banalalaka sana siku hizi ku nyumba yenu.

Mbusa ameniambia ile ndege itakuja Butembo jumamosi, Ézéchias na bengine bataipanda mbele ya batu. Kama umenikasirikia, uko na haki ya mzazi. Ninaomba tu kitu moja: wewe na Mama mudogo hapana kupanda. Sina neno ingine.

Maharagi nilikula. Wasingya. Hata mukininyamazia, ninyi njo mulinilisha, na ninawashukuru kila siku ninavaa ile shati ya kazi.

Kavuo

*

Butembo, tarehe 21 mai 2023

Kwa mutoto wangu Kavuo,

Mungu, Nyamuhanga mwenye tunamuomba, akulinde. Hatukukukasirikia. Soma pole pole, na usisome mbele ya kurusha ndege. Kama leo uko na kazi, funga hii barua sasa, uifungue ukishuka.

Jumamosi ndege ilikuja. Uwanja ulijaa sawa sikukuu. Ilizunguka mara mbili na Ézéchias ndani, ikapanda muzuri, ikashuka muzuri, bamama balipiga bigelegele. Ézéchias alishuka na koti yake wazi, akanitazama. "Mathe, ulisema mutoto wako alikataa nini?" Batu balicheka. Kavuo, nitakuambia ukweli, pale moyo yangu ilienda upande wa Ézéchias. Niliona kwa macho yangu inapanda. Nilikuwa na barua yako mu mufuko na nilitaka kuwa na bahati ya kuisahau.

Lakini nilikumbuka uliandika na moteur mbili inapanda muzuri. Haukusema kingine. Donc nilimuendea Hénock mwenyewe, mbele ya bote.

"Pilote," nilisema, "imetupendeza. Sasa utupandishe sisi bane, essence imejaa, na ukifika juu ya mwisho ya piste uzime moteur moja."

Akatazama viatu yake.

"Papa, hapa?"

"Hapa. Ku Butembo njo tutaitumikisha."

"Papa Mathe, hapa hapana."

"Juu ya nini? Si iko na ingine?"

Ézéchias alimuambia: "Jibu basi, mutu wa Mungu!" Hénock alivua kofia yake. Akasema polepole, na bote balisikia: "Juu nitawaua. Na binti ya huyu muzee anajua, alikuwa na mimi. Mimi ninatumikia mwenye ndege, hakuna mutu aliniuliza."

Ézéchias alifunga koti. Siku hiyo hiyo kikundi kilikufa. Jioni Hénock alipita kwangu kunywa chai, akanishukuru mara mingi kwa ile swali. Anasema tangu mulipotoka mu anga ya Beni alikuwa anangoja mutu amuulize. Nilisikia mwenye ndege atairudisha kule chini, upande wa Kinshasa, fasi iko yake.

Sasa ile swali yako, ya haraka yangu.

Mama yako mudogo hakujigonga ku mulango. Iko na uvimbe mu titi ya kuume, inavuta mpaka mukono. Iligunduliwa mbele ya Noeli. Muganga ya kutibu hiyo yuko Bunia, na sindano ni ya kurudilia kila nyuma ya majuma tatu. Tulienda mara moja na barabara. Alitapika njia yote kurudia, na ku kizuizi moja balitushusha chini, tukakaa mu nyasi tukisikia bunduki. Nikajiambia haitajirudilia. Nikaanza kusikiliza Ézéchias.

Yeye njo alikataza tukuambie. Alisema: "Ule mutoto anabeba batu mu hewa. Hapana kumuwekea hii mu kichwa." Nikatii. Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu pia, na leo ninaisema. Kama ungejua ndege ni ya kumubeba Précieuse, ungeipima na macho ya mutoto. Ungeona inashuka kidogo tu. Ungesema labda. Mimi nilitaka jibu ya ndege.

Nilipoipata, nilishindwa kukuandikia. Sikuwa na hasira. Ile barua yako ilifunga mulango ya mwisho yenye nilikuwa nayo, na bado nilijua umetuokoa. Ninaandikaka je vitu hivyo mbili mu mustari moja? Nilinyamaza. Sasa ninasema: asante, mutoto wangu.

Baba yako,
Mathe

*

Beni, tarehe 28 mai 2023

Kwa Baba yangu,

Niliifungua nikishuka, sawa uliomba. Nilikaa chini ya bawa na nikalia mpaka fundi akaniletea maji bila kuniuliza kitu. Kesho yake nilimuambia patron wa kazi aweke mutu mwingine arushe. Mama mudogo yuko na haki, na kichwa yenye inalia hairushe. Siku ya tatu nilirudia ku kazi.

Ninajiuliza sawa wewe. Ningejua, ningeandika nini? Ninataka kusema ningeandika ile ile. Siwezi kuapa. Donc na mimi ninakushukuru kwa kuninyamazia, hata kama inaniuma.

Sikiliza sasa. Ndege yetu ya kazi ni ya moteur mbili pia, lakini iko na turbo, na jua ikiwa kali tunaacha viti wazi. Niliipima namna ile ile kabla ya kukubali kazi. Inaenda Bunia kila juma. Mama mudogo aje akae kwangu, hapa Beu. Safari ya barabara itakuwa moja tu, ya kuja, na kundi ya kamio mingi. Zingine zote atafanya na mimi. Niliomba patron, akasema kama kiti iko wazi, mama yako iko na kiti.

Najua utasema mwanaume hawezi kutuma bibi yake mu nyumba ya mutoto. Baba, mimi niliingia mu nyumba yenu na nguo moja, na hakuna mutu aliniuliza nitabakia mpaka lini. Chumba nimeisha kuifagia. Nimenunua neti mupya na ndoo ya kutapikia, ya rangi nyekundu, juu ninajua ataichukia na itamuchekesha.

Usinijibu na barua. Umulete.

Kavuo

*

Beni, tarehe 15 octobre 2023

Kwa mutoto wangu Kavuo,

Ninaandika ku meza yako mwenyewe, hapa Beu, na wewe na mama yako mungali Bunia. Jirani yako Valère ameniuliza kama naandika mashtaka. Nilimuambia naandika asante, na akaona ni kazi murefu, akaniletea kiti ya muzuri.

Butembo bote bako bazima. Ariel anakaa peke yake na anapiga sahani. Mbusa anaoa mu décembre, ametaka umusimamie. Mvua ilianza tena.

Nilikuja kwa sindano ya mwisho. Mu juin niliwaza nyumba itabomoka bila Précieuse, na mwezi ya kwanza kweli nilikula viazi ya kuungua. Lakini kila mara alirudia kutoka Bunia alinipigia, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa na nguvu ya kunigombeza juu ya kuku. Pale nikajua dawa inafanya. Nywele yake imekwisha, anafunga kitambaa sawa malkia. Muganga anasema uvimbe imebakia sawa mbegu ya haragi, na bataiondoa mu novembre, na yeye iko na matumaini. Sitaki kusema zaidi ya yenye alisema.

Leo nilikuwa nimevaa koti. Mara ya kwanza ya maisha yangu, nimekaa mu ndege, mukaba imefungwa, rozari mu mukono, bibi yangu pembeni yangu. Magoti haikuuma. Kisha bakamuleta ule mama na mutoto yake mwenye aliungua na maji ya moto. Ulisimama ku mulango. Ulitazama jua, ukatazama mutoto, ukatuzunguka na macho sisi bote sawa unahesabu magunia. Niliona mbele useme.

"Baba mudogo, utashuka."

"Mimi?"

"Jua imekuwa kali. Na bote siwezi."

"Kiti ya nyuma si iko wazi?"

"Iko wazi juu inapashwa kuwa wazi."

Précieuse alicheka mpaka kitambaa ikamuteremuka. "Shuka, Mathe. Ni viazi yenye ulikula peke yako."

Wewe haukucheka. Haukuomba hata samahani. Ulinishika mukono kwenye ngazi, ukafunga mulango, na ni pale tu niliona macho yako iko na machozi.

Nilisimama ku senyenge na koti yangu. Askari mwenye analinda pale, kijana wa Équateur, akaniangalia na huruma. "Papa, batiki yo?"

"Ndiyo. Mutoto wangu njo ameniacha."

"Na unacheka?"

Pale ndege ilianza kukimbia. Niliishika na macho. Iliacha ardhi mapema, mbele ya mwisho ya piste, na ikapanda juu ya miti ya kakao bila kutetemeka, na nafasi mingi chini yake. Niliwaza: moteur moja ikikufa sasa, batafika. Sikuijua na imani, niliijua juu ni wewe ulipima. Kavuo, mimi nimepandisha kamio milima miaka yote ya maisha yangu nikiomba tu. Sikujua kuko amani ya namna hiyo, ya kubakia chini na kujua.

Asante juu ya Précieuse. Asante juu ya ile hapana ya kwanza, na juu ya hii ya leo.

Mukifika, fufu iko mu sufuria na sombe, mboga ya majani ya muhogo, pembeni, nimeifunika na sahani. Nilipika mwenyewe. Mule tu, hata kama imeungua.

Baba yako mudogo,
Mathe